Uliza Ujibiwe

SWALI: Bwana Mhariri, asalaam aleykum. Barazani kwetu Jaws Corner tumebishana mpaka kahawa imepoa. Hii safu ya msomaji kuuliza na gazeti kumjibu, nani aliyeianza?
Msomaji, Mji Mkongwe

JIBU: Waaleykum salaam. Nayo ilianzia kwenye kahawa, huko London. Machi 1691 muuza vitabu John Dunton alitoa karatasi moja iliyopigwa chapa pande mbili, kwa peni moja, ambayo baadaye ikaitwa Athenian Mercury. Mwenye swali aliliandika, akalipeleka kwa posta mpaka mkahawa wa kahawa wa Smith. Jina lake halikuchapwa, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo siri ya safu ile: watu waliuliza mambo ya ndoa, ya dini, hata moto ukizimika unakwenda wapi, wala hapana aliyeona haya. Wajibuji walijitangaza kuwa jumuiya kubwa ya wataalamu. Kumbe ni Dunton, Richard Sault mwanahisabati, na kasisi Samuel Wesley, wakisaidiwa kidogo. Kilichowaelemea ni wingi wa barua, nyingi zikirudia yaliyokwisha kujibiwa, hata wakawasihi wasomaji watazame kwanza matoleo ya nyuma. Gazeti lilikoma 1697.

Nasi twaomba hayo hayo: tazameni kwanza matoleo ya nyuma. Tena tajeni mahali na kazi yenu, kama alivyofanya bibi huyu.

SWALI: Nalima mwani Paje. Mbona maji hayapwi saa ile ile kila siku?

JIBU: Bibi, maji hufuata mwezi zaidi ya jua. Dunia ikimaliza mzunguko wake wa siku, mwezi nao umeshasogea mbele, kwa hiyo dunia huhitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Newton alieleza nguvu hiyo ya mwezi mwaka 1687. Baina ya kupwa na kupwa kunakofuata ni kama saa 12 na dakika 25.

Wengi hukosea kwa kuongeza dakika 50 zile zile kila siku. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kupwa mbali sana, huchelewa kidogo, kama dakika 40. Wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, kuchelewa huko huweza kupita saa nzima. Na bamvua lenyewe halitimii usiku wa mwezi mpevu au mwandamo, bali siku moja au mbili baadaye. Hizo ndizo siku za kwenda kufunga mbegu kwenye kamba za mbali.