Miche kumi ya mikoko haifuti safari ya ndege

SWALI: Nafundisha Kiswahili chuo kimoja Ujerumani. Kila Agosti nawaleta Unguja wanafunzi 12 kwa wiki mbili, na siku hizi wananiuliza kama safari yenyewe haiharibu mazingira. Mtembeza wageni mmoja anasema kila mwanafunzi akipanda miche kumi ya mikoko siku ya mwisho, tutapewa cheti kuwa hewa chafu ya safari imefidiwa. Nikubali? Na nitafute hoteli yenye sola?

JIBU: Mwalimu, kipokee hicho cheti kama una vitumbua vya kufungia. Vyeti vya namna hiyo nimeviona vingi mno, na kila mara picha ni ileile: wageni wanacheka, matope hadi magotini.

Frankfurt hadi Unguja, kwenda na kurudi, ni zaidi ya kilomita 13,000. Kila abiria wa daraja la kawaida ana deni la tani moja hivi ya kaboni dioksidi. Mti uliokwisha kukua, kwa makadirio ya kawaida, hunyonya kilo 20 hivi kwa mwaka. Mche wenye majani manne haufiki hata karibu ya hapo. Lakini cheti kinatoka jioni ileile.

Na hapo nimeuhesabu mche kuwa uko hai. Mtembeza wageni anataka mahali basi linapofika na picha inapotoka vizuri, kwa hiyo anawapeleka kwenye tope tupu linaloitazama bahari. Wanachomeka mbegu za mkoko, zile ndefu kama mshumaa, mstari mmoja ulionyooka kama wa mahindi. Miti ya mikoko ni ya aina nyingi, na mbele kabisa pale anayestahimili ni aina iitwayo mlilana. Mkoko wenyewe hukaa nyuma yake, na mkandaa, aina nyingine tena, nyuma zaidi. Tope lile lingeufaa mkoko, maji yangekwisha kuupanda, maana mbegu zake huelea na kujishikiza zenyewe. Kuna pwani niliyopita miezi michache baada ya kundi moja kuondoka. Nilikuta vijiti vikavu, na kibao chenye jina la mwanafunzi kimelala, kaa amechimba shimo chini yake.

Mikoko ina thamani kubwa, sikatai. Kule Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko yao tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, na fedha zimeingia kwenye maji na vitabu vya shule. Lakini wao wanalinda msitu uliosimama na kuupima mwaka hadi mwaka. Kaboni nyingi ya mikoko imo kwenye tope lililokaa karne na karne chini ya mizizi; mche wa jana hauna tope hilo.

Hoteli yenye sola si mbaya, ila ni senti pembeni ya deni la ndege. Punguza ndege zenyewe: badala ya wiki mbili kila mwaka, njooni wiki nane kila baada ya miaka mitatu, na katikati wanafunzi wazungumze na wenzao wa huku kwa simu. Wiki mbili zinaishia kwenye salamu, wewe mwenyewe unajua. Wakae majumbani kwa watu, waoge kwa ndoo na kopo, wapande daladala. Maji ya ndoo moja hayafiki hata dakika tatu za bomba la hoteli, na atakayeomba kopo kwa bibi wa nyumba hatalisahau neno hilo.

Leo ni mikoko, kesho mtauziwa vyeti vya majiko au matumbawe. Waganga njaa wa kaboni hawaishi. Muulize kila mmoja nani atakuja kuhesabu baada ya miaka mitano, na kama kitu hicho kisingekuwepo bila pesa yenu. Wa mwisho kunijia alitaka nitie saini orodha ya miti 4,000. Nikamwambia nionyeshe. Akanipeleka kwenye shamba la mikarafuu iliyopandwa na babu wa mwenye shamba.