Mbona Mungu aliwapa mfalme?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Umeuliza: kama Israeli walikosea kuomba mfalme, mbona Mungu alikubali, tena akamchagua Sauli yeye mwenyewe? Swali hilo limenirudisha kwenye kitabu cha Samweli wa Kwanza.

Kwanza, wazee wale tusiwahukumu haraka. Walipomwendea nabii Samweli, aliyewaongoza, kule Rama walikuwa na malalamiko ya kweli. Aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, kuwa waamuzi Beer-sheba, nao wakala rushwa na kupotosha hukumu. Hebu fikiria mjane mwenye kesi ya shamba anafika pale na kukuta mwenye fedha ameshatangulia! Tena kiti cha mwamuzi, yaani kiongozi wa Israeli kabla ya wafalme, hakikuwa mali ya ukoo. Debora, mmoja wa waamuzi wa zamani, hakukirithi kwa mtu. Gideoni, mwamuzi mwingine, alipoombwa atawale yeye na mwanawe na mjukuu wake, alikataa, akasema Bwana ndiye atakayewatawala. Inanihuzunisha kwamba Samweli, mtu mwadilifu vile, ndiye aliyewakalisha wanawe pale.

Halafu kulikuwa na Wafilisti, maadui wa Israeli. Soma sura ya 13: nchi nzima ya Israeli haina mhunzi. Mkulima akitaka kunoa jembe au shoka lake, anashuka kwa adui na kulipa. Siku ya vita, mwenye upanga na mkuki ni Sauli na mwanawe Yonathani tu, wengine wote mikono mitupu. Mpango wa zamani haukufua dafu hapo. Mwamuzi aliinuka wakati wa hatari, waliotaka wakamfuata, wasiotaka wakabaki kwao. Wimbo wa Debora unawataja Rubeni, Dani na Asheri waziwazi kwamba hawakwenda vitani.

Kwa hiyo shida ilikuwepo. Kosa naliona kwenye aina ya mfalme waliyemtaka: awe kama wa mataifa mengine. Samweli aliwaeleza wafalme hao wakoje. Atawachukua vijana wenu kwa magari yake ya vita, binti zenu wawe wapishi na waokaji wake, mashamba yenu mazuri awagawie watumishi wake, na sehemu ya kumi ya nafaka na mifugo iwe yake. Wakasikia yote, wakasema bado tunamtaka.

Mungu akawapa, nami naamini ni kwa sababu hakuwa tayari kuwaacha. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 17, ilishaweka nafasi ya mfalme, ila mfalme aliyefungwa na sheria: asijirundikie farasi, wake wala dhahabu, ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote, moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Ndiyo maana nabii Nathani aliweza kusimama mbele ya mfalme Daudi, baada ya Daudi kumfanya Uria auawe ili amchukue mkewe, akamwambia, “Wewe ndiwe mtu huyo,” na Daudi akatubu.

Sulemani, mwana wa Daudi aliyemrithi, alivunja karibu yote. Watu 30,000 walipelekwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, Lebanoni kwa zamu. Alipokufa, karibu mwaka 930 KK, watu walimwomba mwanawe Rehoboamu kule Shekemu jambo moja tu, awapunguzie mzigo. Akawajibu kwamba baba yake aliwapiga kwa mijeledi, yeye atawapiga kwa nge. Makabila kumi yakamwacha.

Isome hiyo Kumbukumbu 17 taratibu, kisha uniandikie kama bado unaona Mungu alijipinga. Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako