Maswali ya Wasomaji: Rekodi Zilizofutwa Zimerudi

SWALI: Ndugu Mhariri, chama chetu cha akiba na mikopo kinahifadhi taarifa za wanachama katika hifadhidata ya Apache Cassandra, kwenye seva tatu, kila rekodi ikiwa na nakala tatu. Hivi karibuni seva moja iliharibika ikakaa kwa fundi wiki tatu. Tulipoirudisha, wanachama tuliokwisha kuwafuta walianza kuonekana tena orodhani. Je, tumevamiwa? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hamkuvamiwa, ndugu msomaji. Cassandra, iliyoanzia Facebook na kutolewa kama programu huria mwaka 2008, haiondoi rekodi papo hapo inapoamriwa kuifuta, bali huandika alama ya kufutwa, kwa sababu huenda wakati huo seva mojawapo haipatikani na itahitaji kupashwa habari baadaye. Kwa mipangilio ya awali, seva zilizo hai humwekea mwenzao aliyezimika maagizo aliyoyakosa katika saa 3 za kwanza tu, nazo alama za kufutwa hudumu sekunde 864,000, yaani siku 10, kisha husafishwa ili diski ipate nafasi. Seva yenu ilirejea baada ya siku 21 ikiwa bado na rekodi za zamani, ilhali wenzake wawili hawakuwa tena na rekodi wala alama ya kuonyesha kwamba ziliwahi kufutwa. Mfumo ukazichukulia kuwa rekodi ambazo wawili hao walizikosa, ukawagawia.

Wengi hukimbilia amri ya nodetool repair, inayolinganisha nakala za seva zote na kuzisawazisha, mara tu seva kama hiyo inapowashwa, na kwa kufanya hivyo husambaza kilichokwisha kufutwa kwa kasi kubwa zaidi. Seva iliyokaa nje zaidi ya siku 10 isirudi na data yake: ifutwe yote, kisha iingizwe kama mbadala wa ile iliyokufa, ivute nakala upya kutoka kwa wenzake. Kwa kuwa yenu imekwisha kurudi, zifuteni rekodi hizo tena seva zote tatu zikiwa hewani, ndipo mwendeshe repair ili alama zifike kila mahali. Baada ya hapo kila seva ipitiwe na repair walau mara moja ndani ya siku 10. Mimi ningechagua kila wiki, kwa kutumia Reaper, zana huria iliyoanzia Spotify, ambayo haisahau ratiba kama sisi wanadamu.

Tena, lijaribuni jambo hili kwenye seva za majaribio. Punguzeni gc_grace_seconds, yaani muda ambao alama za kufutwa hudumu, ya jedwali moja iwe dakika 10, zimeni seva moja, futeni rekodi kadhaa, subirini muda upite, endesheni nodetool compact, inayounganisha mafaili na kusafisha alama zilizopitwa na muda, kwenye seva mbili zilizobaki, kisha iwasheni ile ya tatu na kuzisoma rekodi hizo kutoka seva zote. Kuvuruga mfumo makusudi ni kazi ya heshima: mwaka 2013 mhandisi wa programu Kyle Kingsbury, kwa majaribio yake ya Jepsen, alikata mawasiliano kati ya seva za Cassandra na kufichua dosari katika miamala yake.

SWALI: Mkandarasi alituachia Cassandra isiyodai nywila, akisema fayawoli, yaani kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, inatosha. Tumwamini? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: La. Cassandra husakinishwa ikiwa inamkubali kila anayeifikia kwenye mlango (port) 9042, hivyo kanuni moja ya fayawoli ikikosewa, kila kitu kiko wazi. Mwezi Julai 2020 shambulio lililoitwa Meow lilifuta maelfu ya hifadhidata zilizoachwa wazi kwenye intaneti, bila hata kudai fidia. Washeni PasswordAuthenticator, inayodai nywila, pamoja na CassandraAuthorizer, inayogawa ruhusa, kwani nywila bila mgawanyo wa ruhusa humfanya karani awe na uwezo sawa na msimamizi. Kabla ya hapo ongezeni nakala za system_auth, sehemu inayohifadhi akaunti na ruhusa, ambayo huanza na nakala moja, la sivyo seva moja ikizimika mtafungiwa nje. Akaunti ya awali, ambayo jina na nywila yake vyote ni cassandra, ifungwe mara tu mtakapounda msimamizi mwingine. Nywila hizo hazilindi mlango 7000, ambao seva huzungumzia zenyewe kwa zenyewe. Huo unahitaji usimbaji fiche na vyeti vya pande zote mbili.

SWALI: Kwa kuwa tuna nakala tatu, je, bado tunahitaji chelezo? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Mnahitaji. Amri ya kufuta jedwali iliyotolewa kimakosa hutekelezwa kwenye nakala zote tatu. Amri ya nodetool snapshot, inayopiga picha ya data ya wakati huo, nayo haitoshi peke yake, kwa maana huunda viungo tu vya mafaili yaleyale kwenye diski ileile, na diski ikifa vinakufa pamoja nayo. Hamishieni mafaili hayo mahali pengine, na kila robo mwaka yarejesheni kwenye klasta (kundi la seva) tupu, mkisoma rekodi zenyewe badala ya kuridhika kwamba amri imekamilika bila kulalamika.