Aanze na Cinder

Dada, umeuliza kitabu cha kumpa binti wa miaka 14 anayependa hadithi za ngano na roboti kwa pamoja: mpe Cinder cha Marissa Meyer, kilichotoka 2012. Ni Sinderela wa zama zijazo, fundi mitambo mwenye kibanda sokoni katika mji wa kubuni wa New Beijing, nusu mtu nusu mashine. Tunamkuta akihangaika na skrubu iliyoshika kutu kwenye kifundo cha mguu wake wa chuma, mguu ambao umeshakuwa mdogo kwake.

Mama wa kambo yupo, dansi ya ikulu ipo, na kuna tauni inayomaliza watu. Ninachokipenda hasa ni kwamba mashine hazikubandikwa tu juu ya hadithi ya zamani: huyu binti ananyanyaswa kwa sababu sheria yenyewe inamhesabu kama mali ya mlezi wake.

Asirukie Cress, kitabu cha tatu, hata kama Rapunzel wake (yule binti wa ngano mwenye nywele ndefu) aliyefungiwa kwenye setilaiti anavutia (na anavutia kweli!). Ni hadithi moja inayoendelea katika vitabu vinne: Cinder, Scarlet, Cress, kisha Winter. Scarlet kitafute mapema, maana Cinder kinamwacha msomaji roho juu.