Wabunge 35 walivyoishika Italia

SWALI: Nafundisha historia sekondari hapa Moshi. Wanafunzi wanabishana: wengine wanasema Mussolini alipindua serikali mwaka 1922, wengine wanasema alichaguliwa na wananchi. Niwaambieje?
Mwalimu, Majengo, Moshi

JIBU: Mwalimu, pande zote mbili zimekosea. Alikabidhiwa madaraka. Uchaguzi wa Mei 1921 uliwapa wafashisti, yaani watu wa Mussolini, viti 35 hivi kati ya 535 bungeni, tena kwa kubebwa kwenye orodha ya wagombea ya Waziri Mkuu Giolitti, aliyedhani atawatumia dhidi ya wajamaa kisha awaweke kando. Nguvu yao halisi ilikuwa bonde la mto Po, kaskazini mwa Italia. Huko wenye mashamba walichoshwa na migomo ya vibarua, wakatoa fedha na malori. Vijana wa kifashisti, wavaa mashati meusi, wakawa wanavamia ofisi za vyama vya wafanyakazi, wanazichoma, wanawapiga viongozi na kuwanywesha mafuta ya nyonyo kwa nguvu. Mara nyingi polisi waliangalia tu.

Oktoba 1922 waliandamana kuelekea Roma, wamelowa mvua, silaha zao duni. Jeshi lingewazuia. Waziri Mkuu Facta aliandaa amri ya hali ya hatari, lakini tarehe 28 Mfalme Vittorio Emanuele III akakataa kutia saini. Mussolini alikuwa Milano. Alifika Roma kwa treni, ameshaitwa kuunda serikali. Bunge likampa imani kwa kura 306 dhidi ya 116. Hapo ndipo wanafunzi wako watazame kwa makini, maana wengi wa waliomkubali hawakuwa wafashisti.

Mwaka 1923 Bunge hilohilo lilipitisha sheria ya Acerbo: orodha inayoongoza, ikifikisha tu robo ya kura, inazoa theluthi mbili ya viti, yaani 356. Mbunge Matteotti alisimama bungeni kulaani vitisho na wizi wa kura katika uchaguzi wa 1924. Siku 11 baadaye, tarehe 10 Juni, alitekwa na kuuawa.

SWALI: Mamilioni ya watu walinyamazishwaje? Kila nyumba iliwekewa polisi?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Hapana, ndugu. Riziki ilitosha kuwabana. Mwaka 1926 vyama vingine vilifutwa, migomo ikapigwa marufuku, mameya wa kuchaguliwa wakaondolewa. Wapinzani walipelekwa visiwani, kama Lipari. Baadaye, bila kadi ya chama hupati kazi serikalini. Mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu, kama 1,200, walitakiwa kuapa utii. Waliokataa ni 12 hivi. Watoto wa miaka 8 hadi 14 waliingizwa Balilla, jumuiya ya watoto ya wafashisti, na wafanyakazi wakapewa michezo na nauli nafuu za treni kupitia Dopolavoro, shirika la burudani baada ya kazi.

Kura zenyewe ziliendelea kupigwa. Machi 1929 kulikuwa na orodha moja tu ya wagombea ubunge 400, unaikubali au unaikataa yote: Ndiyo au Hapana. Karatasi ya Ndiyo ilikuwa na rangi za bendera, ya Hapana nyeupe tupu. Mpiga kura alipewa zote mbili, na haikuwa kazi ngumu kwa msimamizi kujua karudisha ipi. Ndiyo ilipata zaidi ya asilimia 98.