Je, Mgeni Amestarehe au Ni Mtu wa Starehe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa watalii, na mara nyingi huwapeleka wageni kutoka Kampala hadi Bwindi kuwaona sokwe wa milimani. Majuzi nilimuuliza mama mmoja wa Kihispania, "¿Es usted cómoda?", nikitaka kujua kama ameketi vizuri, naye akaangua kicheko. Nilikosea wapi? – Msomaji, Kabale.

JIBU: Ndugu msomaji, neno ulilipata sawasawa, kilichokuponyoka ni kitenzi. Kwa Kiswahili tunasema kiti kinastarehesha na mtu amestarehe, yaani mnyambuliko wa kitenzi ndio unaotenganisha kinacholeta raha na anayeipata. Kihispania hutumia kivumishi kimoja, "cómodo", kwa vyote viwili, kisha huachia vitenzi viwili vya "kuwa", yaani "ser" (es) na "estar" (estoy, está), kazi ya kutofautisha. "El asiento es cómodo" ni sifa ya kiti chenyewe, ilhali "estoy cómodo" ni hali ya mtu kwa wakati huo. Mtu akielezwa kwa "ser", maana hugeuka kuwa tabia: ni mpenda raha, asiyetaka kujisumbua. Kwa hiyo ulimuuliza mgeni wako, pengine baada ya saa nane za barabara, kama yeye ni mvivu! Tena "cómoda" ikiwa nomino ni kabati fupi la droo, jambo ambalo huenda lilizidisha kicheko. Ungesema, "¿Está usted cómoda?"

Upatanisho wa "cómodo" na nomino haupaswi kumtisha mtu aliyezoea ngeli zetu: asiento cómodo (kiti), silla cómoda (kiti pia), zapatos cómodos (viatu), camas cómodas (vitanda).

Neno hili pia huvuka mipaka ya viti na vitanda, likamaanisha jambo lisilo na usumbufu. Anayesema "es más cómodo ir en tren", yaani ni nafuu zaidi kwenda kwa treni, hasifu lazima mito ya behewa. Huenda anafurahia tu kwamba hatahangaika kutafuta pa kuegesha gari. Wafanyabiashara nao hutangaza kuuza kwa "cómodos plazos", yaani kwa malipo ya awamu zisizoumiza.

Mgeni anapoingia garini, mwambie "póngase cómoda", au "póngase cómodo" akiwa mwanamume; ni kama kumwambia "karibu, ustarehe". Mkazo uweke kwenye silabi ya kwanza, CÓ, kama alama iliyo juu ya herufi inavyoagiza, kwa sababu ulimi wetu umezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho na utataka kusema "comódo".