Nyumba ya Machomanne

Chake Chake, Pemba

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mamaako anakusalimu sana, na goti lake sasa linamfikisha sokoni kwa miguu.

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Una milioni 26 ulizoweka kwa miaka saba. Umeonyeshwa nyumba ya vyumba vinne Machomanne kwa milioni 24, nawe waniuliza: uinunue, upangishe, halafu kodi yake na milioni 2 zitakazobaki ufungulie duka la nguo za watoto? Na kwamba muuzaji anataka arubuni, yaani malipo ya kutanguliza, kabla mwezi haujaisha.

Arubuni usitoe kwanza. Nitakwambia kwa nini.

Jumatano nilikwenda kuitazama. Nikamkuta kijana mwenyewe, ana adabu, akanipa kiti. Nikamuuliza: nyumba ya marehemu babaako, mmebaki wangapi? Akasema mama yu hai, yeye ndiye mwanamume peke yake, na dada zake wawili, mmoja yuko Mombasa. Babu na bibi walishatangulia zamani. Basi chukua kalamu, mwanangu. Mke ana thumni, yaani fungu moja katika manane, ambalo ni milioni 3 katika hizo 24. Zinabaki 21, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la mwanamke. Kijana ana milioni 10 na nusu, kila dada ana milioni 5 na robo. Huyu anayekuuzia nyumba nzima hamiliki hata nusu yake. Simwiti mwizi, huenda wenziwe wamemridhia. Lakini nataka kuwaona wote wanne wakitia saini mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, na yule wa Mombasa aje mwenyewe au alete uwakala wa maandishi.

Nashikilia hili kwa kuwa lilinipata. Mwaka 1998 nilinunua kiwanja kwa ndugu wawili, nikachimba msingi na kuumwaga kwa mikono yangu. Siku ya tatu ya kupandisha matofali akaja mwanamke mmoja na mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi ya mirathi imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Jina lake limo. Wale kaka zake hawakunitajia hata siku moja kwamba wana dada. Ilinibidi nimlipe fungu lake, maana haki yake ilikuwa haki. Zile bangili za mamaako ambazo ulikuwa ukiuliza zimekwenda wapi, ndizo zilizolipa.

Uliza na miti. Huku kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na nyuma ya nyumba ile ipo mikarafuu miwili. Anayechuma ni nani? Na ujue unanunua kitu gani: kwa sheria ya mwaka 1992 ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, nawe unapata haki ya kuitumia na jengo lililo juu yake. Kwa hiyo karatasi ya mkono na mashahidi wawili haikutoshi. Uhaulishaji, yaani kuhamisha umiliki, una bodi yake, na usajili una ofisi yake. Ikionekana kiwanja kimekatwa kwenye eka tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964, rudi nyuma. Zile walipewa watu walime.

Sasa jengo lenyewe, na hapa nazungumza kama mwashi wa miaka thelathini na tano. Rangi ni mpya, lakini chumba cha nyuma rangi mpya imeishia usawa wa goti. Nikaweka kiganja, ukuta una unyevu. Nikakwangua kwa ufunguo, ikatoka unga mweupe, nikauonja, chumvi. Pengine ni maji yanayopanda kutoka chini, pengine walichanganya mchanga wa pwani. Kama ni mchanga wa pwani na umeingia mpaka kwenye zege la linta, ule mkanda unaopita juu ya milango na madirisha, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na zege linapasuka. Juu ya dirisha moja nimeuona ufa wa namna hiyo. Nyumba usiitazame wakati wa jua. Irudie masika, mvua ikiwa inanyesha, uone maji ya bati yanakwendea wapi.

Kodi nayo, dalali kakuhesabia vyumba vinne kwa elfu 50, miezi kumi na miwili, jumla milioni 2 na laki 4 kwa mwaka. Mimi nihesabie miezi kumi, kwa sababu watu huhama, na wengine huchelewa mpaka karafuu zichumwe. Hapo ni milioni 2. Toa laki 4 za bati, choo na rangi, inabaki milioni 1 na laki 6. Fedha yako itarudi baada ya miaka kumi na mitano. Si ubaya, nyumba ni mali ya uzee. Lakini mali ya namna hiyo haiwezi kulea duka changa.

Duka la nguo za watoto lina miezi yake: Ramadhani, sikukuu mbili, na msimu wa karafuu. Miezi mingine utakaa na mzigo, na kodi ya fremu haingojei. Mpangaji akikupa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, utaona una fedha, utaagizia mzigo. Bati likivuja mwezi wa tatu utakopa. Vitu hivyo viwili visile sahani moja. Kila kimoja kiwe na daftari lake na akaunti yake.

Na binamu yako aliyekuomba chumba kimoja, mpe, lakini muandikiane. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika deni. Hakuna atakayeona haya kwa hilo.

Rai yangu: anza na duka mwaka huu kwa milioni 4, uza sikukuu moja, ujifunze. Nyumba hii, wakitia saini wote wanne na ukuta ukathibitika kuwa unafaa, toa milioni 19, maana linta italazimu kuvunjwa na kumwagwa upya. Wakikataa, waache.

Ijumaa baada ya sala nitakwenda kwa sheha na mkanda wangu wa kupimia. Niletee jina kamili la marehemu kabla ya hapo.

Babaako